Marufuku ya mifuko ya plastiki Tanzania: rambo imeondoka, nailoni imebaki

Ukiingia soko lolote la Dar es Salaam leo, huoni tena rambo nyeusi ikining'inia kwenye kila mkono. Hayo ni matunda ya katazo lililotangazwa bungeni na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, Aprili 2019, likaanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Ni kazi nzuri ya serikali, na isemwe wazi. Lakini omba robo ya dagaa na karanga kidogo pale gengeni, uone utafungiwa kwenye nini. Utapewa nailoni nyeupe, laini, isiyo na jina la kiwanda wala alama yoyote.

Kwa nini rambo ilikubali kuondoka na nailoni ikagoma? Jibu liko kwenye namna ya kukagua. Mwaka 2006 serikali ilijaribu kuzuia mifuko myembamba kwa kigezo cha mikroni 30, na mifuko ikaendelea kuuzwa. Mikroni 30 ni sehemu 3 za milimita iliyogawanywa mara 100. Mgambo wa soko hawezi kuipima kwa vidole, na muuzaji naye hawezi. Kanuni za 2019 hazikumtaka mtu apime kitu. Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku, uwe mnene au mwembamba, basi. Jicho linatosha.

Adhabu nazo zilipangwa kwa ngazi, na hapo waandishi wa kanuni walitumia busara. Anayekutwa na mfuko faini yake inaanzia Sh 30,000 na haizidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7. Mzalishaji au mwagizaji anaanzia Sh milioni 20 hadi bilioni 1, au jela hadi miaka 2. Kenya, iliyoanza Agosti 28, 2017, iliweka faini ya Sh milioni 2 hadi 4 za Kenya, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, bila kumtenganisha sana mwenye kiwanda na mama aliyebeba nyanya. Adhabu ikiwa nzito kupita kosa, askari anaona aibu kuitoza, au anaigeuza mtaji wake.

Nailoni imepenya kwenye msamaha. Kanuni ziliruhusu plastiki ya kufungashia bidhaa za viwandani, dawa, vyakula vilivyosindikwa, kilimo, ujenzi na shughuli za usafi. Msamaha huo ulihitajika, kwani unga na dawa havifungashiki hivihivi. Shida ni kwamba kifungashio kitupu, kabla hakijatiwa bidhaa kiwandani, ni mfuko tu. Wauzaji wa jumla wakaanza kukiuza kwa bando, na gengeni kikageuka kibebeo. Mwaka 2021 serikali ilitangaza kwamba vifungashio visivyokidhi viwango navyo vikome. Tangazo lilisikika, ila halikufika kwenye meza ya karanga.

Na nailoni hii ndogo inasumbua kuliko rambo ilivyosumbua. Yenye upana wa sentimita 20 na urefu wa 30 ina uzito wa gramu 2 hivi. Muokotaji anahitaji 500 kupata kilo moja, nyingi zikiwa zimelowa mafuta ya samaki, wakati chupa za maji za nusu lita zisizozidi 100 zinampa kilo hiyohiyo. Hivyo anaokota chupa na kuiacha nailoni. Mvua ikinyesha inasombwa hadi kwenye nondo za mtaro, inalala bapa juu ya nafasi, mchanga unaishikilia, na maji yanapanda barabarani. Nyingine inaishia kuwashia mkaa, na moshi wake unavutwa na aliyeinamia jiko.

Mifuko mbadala nayo ina kasoro ambayo wengi hawaijui. Ile inayofanana na kitambaa, yenye vitundu vidogo vilivyopangwa kwa mistari, si pamba. Ni plastiki. Choma kona yake uone inavyoyeyuka na kudondoka. Ilikubaliwa kwa sharti kwamba iwe imara, itumike mara nyingi: uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, anwani ya mzalishaji, uwezo wa kubeba, na uthibitisho wa TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Ikiwa chini ya hapo inachanika mshikio siku ya pili, na ikiachwa juani inapukutika kuwa nyuzi ambazo hakuna wa kuziokota.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chukua mifuko 50 ya sentimita 30 kwa 40. Kila mmoja una pande mbili, yaani mita za mraba 0.24, kwa hiyo yote 50 ni mita 12. Zidisha kwa 70 upate gramu 840, bila kuhesabu mishikio. Iweke kwenye mizani ya duka. Ikisoma gramu 450, mfuko huo hata gramu 40 kwa mita ya mraba haufiki, na mwenye bando hana la kujitetea.

Hapo ndipo NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) na halmashauri zinapopaswa kuhamishia nguvu: kwa wauzaji wa jumla, viwandani na mipakani. Kumkimbiza mwenye genge hakumalizi kitu, kwa sababu anauza alicholetewa na kesho ataletewa tena. Kifungashio kitupu kisicho na jina la kiwanda kilichokiagiza kikamatwe kikiwa kwenye bando.

Kwa mnunuzi, mafuta ya kupima tunayafuata na chupa, maziwa na kidumu. Nyama na dagaa vinaweza kufuatwa na kopo lenye mfuniko. Muuzaji apime kwanza kwenye sahani ya mizani, kisha amimine koponi, na uzito wa kopo hautaingia kwenye bei. Bucha lenye mizani ya kidijitali liweke kopo tupu, lirudishe sifuri, ndipo likate nyama.

Kwenye rambo serikali inapata 8 kwa 10. Kwenye mifuko mbadala 5. Kwenye nailoni 2, na hizo ni kwa ajili ya lile tangazo la 2021.