Mashine za masikio za mama, setingi ndo zimeziokoa

Asalaam aleikum jamani. Nlikua nishakata tamaa na hizi mashine, acha niandike mana najua wengi wazee wao wamezifungia kabatini.

Mama yangu anasomesha chuo cha Kurani hapa mtaa wa Ng'ambo, Unguja mjini, miaka na miaka. Masikio yakaanza kupungua, sauti anaisikia ila herufi zinampotea, mtoto akisoma thaa yeye anasikia sin, na kwa mwalimu wa Kurani hilo si jambo dogo, ilifika hadi analia. Tukamnunulia mashine za kuvaa nyuma ya sikio. Pale tuliponunua walimpima, wakamvisha, wakatwambia atazoea, basi. Setingi moja ya kila pahala. Nyumbani afadhali, sokoni Darajani anarudi kichwa kinamgonga, harusini anazivua anatia mkobani.

Tukavuka Dar kwa mtaalamu mwengine na mashine zile zile, na huyu ndo namsifu. Kaziunga na kompyuta, ikaonesha mama anavaa kama saa 2 tu kwa siku. Mama kaona haya, lakini hakumgombeza, kamuuliza tu, bibi unakwenda wapi na wapi, na nani anakupa tabu kumsikia? Suali hilo hatujawahi kuulizwa.

Kamuwekea programu 3, yaani setingi tatu mbalimbali ndani ya mashine. Ya chuoni kapandisha sauti nyembamba, mana huko ndiko zinakokaa s, f na th. Wiki ile ile mtoto kasoma summa, mama hapohapo: "Rudi, thumma, toa ulimi." Nlikua ukumbini nkasikia, machozi yakanitoka.

Ya sokoni maiki zinaelekea mbele na sauti za nyuma zinapungua, kwa hiyo muuza samaki asimame mbele yake. Hapa muwe makini sana, vespa ikitokea nyuma haisikii vizuri, tumemfunza kabla hajavuka barabara arudishe ile ya kwanza.

Ya tatu muziki, na hii nlikua siijui kabisa. Mashine ina kitu cha kuzima mluzi wake wenyewe, sasa fidla ikivuta sauti ndefu inadhani ndo ule mluzi wake inaikata, kumbe ndo mana taarabu mama alikua anaisikia kama redio mbovu. Kwenye programu hii kile kitu kinapunguzwa. Harusi ya juzi kakaa mpaka mwisho na kuitikia anaitikia.

Kasoro zipo. Mtandio mzito ukikaza juu ya maiki mashine inapiga mluzi, na akigeuza kichwa inakwaruza, mtaalamu kasema setingi haiondoi hilo lote, kwa hiyo tumehamia mitandio ya pamba myepesi. Programu ya kwenye simu yote Kiingereza, mama anatumia kitufe: mlio mmoja chuoni, miwili sokoni, mitatu muziki. Na joto hili la kwetu, usiku fungueni kimlango cha betri muziweke kwenye kopo lenye vile vipakti vya kunyonya unyevu. Betri nayo ukishabandua kistika usiitie papo hapo, iwache dakika chache ipate hewa.

Tumerudi mara 2 kurekebisha na hatukulipa, nauli ya boti tu ndo inauma. Nampa nyota 4, siku akifungua Unguja nampa ya 5. Kabla hamjenda kwa mtaalamu kaeni na mzee wenu muandike pahala pote anapokwenda, sisi tumesahau msikitini na sasa itabidi tuvuke tena.