Nimeiweka Nginx mbele ya Tomcat, na haya ndiyo niliyokutana nayo

Mfumo wetu wa ripoti umeandikwa kwa Java na unakaa ndani ya Tomcat 9, seva inayoendesha programu za Java. Kwa muda mrefu watu waliufungua kwa anwani yenye :8080 mkiani, bila cheti cha https, na hakuna aliyelalamika. Kisha vivinjari vikaanza kuandika "si salama" pembeni ya anwani, na kila aliyeliona neno hilo akanipigia simu mimi.

Wazo la kwanza lilikuwa kuihamishia Tomcat kwenye poti za 80 na 443, milango ya kawaida ya http na https. Kwa kawaida Linux hairuhusu poti zilizo chini ya 1024 zifunguliwe bila mamlaka ya root (mtumiaji mwenye nguvu zote), na kuiendesha Tomcat kwa root ni kumkabidhi funguo za mashine nzima yeyote atakayepata tundu kwenye programu yako. Zipo mbinu za kulikwepa hilo, ila nilishachoshwa pia na keystore ya Java, faili linalotunza vyeti. Kila cheti kipya kilikuja na ibada yake ya amri ya keytool. Nikaamua kuweka rivasi proksi: seva nyingine ikae mlangoni kama bawabu, ipokee wageni, ishughulike na cheti, halafu ipeleke maombi ndani kwa Tomcat.

Apache httpd ingefaa, HAProxy pia. Nilichukua Nginx kwa sababu nilikuwa naifahamu kidogo, basi. Maelekezo mengi ya zamani yanakutaka uunganishe kwa AJP, itifaki ya kuiunganisha seva ya mbele na Tomcat, poti 8009. Achana nayo kama huna sababu maalumu. Mwezi Februari 2020 lilitangazwa tundu lililoitwa Ghostcat (CVE-2020-1938), ambalo lilimwezesha mtu aliyeifikia poti hiyo kusoma faili za ndani ya programu, na tangu toleo la 9.0.31 Tomcat huja AJP ikiwa imezimwa. HTTP ya kawaida inatosha.

Upande wa Nginx ulinichukua dakika kumi:

location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}

Nimeandika 127.0.0.1 badala ya localhost kwa makusudi. Localhost inaweza kuwa na anwani ya IPv6 pia, na kama Tomcat inasikiliza IPv4 peke yake, logi (kumbukumbu za seva) itajaa malalamiko ya muunganisho kukataliwa, yanakuja na kupotea bila mpangilio. Mstari wa Host nao usiuruke. Bila huo Nginx huipa Tomcat jina lililo kwenye proxy_pass, na barua pepe ya kubadili nenosiri inaondoka na kiungo kinachompeleka mtumiaji 127.0.0.1:8080, yaani kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Hapo nikadhani nimemaliza. Nikawasha https, nikafungua ukurasa wa kuingia, kivinjari kikazunguka mara kadhaa kisha kikagoma: ukurasa umeelekezwa upya mara nyingi mno. Nusu ya usiku niliipoteza nikipekua mipangilio ya Nginx, na huko hapakuwa na kosa lolote.

Kosa lilikuwa hili. Mgeni anafika mlangoni kwa https, bawabu anamvua usimbaji fiche, anampeleka ndani kwa http. Programu yetu ina kichujio kinachouliza kila ombi kama limekuja kwa njia salama. Tomcat inajibu kwa ukweli inavyouona yenyewe: hapana, hili ni http. Programu inamrudisha mgeni aanze upya kwa https. Anarudi mlangoni kwa https ileile aliyokuja nayo mwanzo, anavuliwa tena, anarudishwa tena. Heda ya X-Forwarded-Proto, inayosema mgeni alikuja kwa http au https, ilikuwa inafika salama kabisa, ila Tomcat haiisomi mpaka uiambie. Dawa ni kuongeza hii ndani ya sehemu ya Host kwenye server.xml, faili la mipangilio ya Tomcat:

<Valve className="org.apache.catalina.valves.RemoteIpValve"
       internalProxies="127\.0\.0\.1"
       protocolHeader="X-Forwarded-Proto" />

Kama utachukua kitu kimoja tu kutoka kwangu, chukua hiyo. Maelekezo niliyokuwa nimeyafuata yaliishia kwenye proxy_pass, na karibu kila tatizo nililolipata baadaye lilitokana na Tomcat kutojua kwamba kuna bawabu mbele yake.

Mfano ni anwani za IP. Kabla ya hiyo Valve, kila mgeni aliyefika kwa Tomcat alikuwa 127.0.0.1, kwa sababu anayebisha ni Nginx siku zote. Programu yetu hufungia anwani iliyokosea nenosiri mara tano. Wakati wa majaribio mwenzangu mmoja alisahau lake, akakosea mara tano, na sote tukafungiwa nje pamoja naye. Tulicheka baadaye, si wakati ule.

Hata baada ya Valve, logi ya maombi iliendelea kuandika 127.0.0.1, nikaanza kujitilia shaka. Kumbe AccessLogValve, inayoandika logi hiyo, nayo inataka iambiwe kivyake: requestAttributesEnabled="true". Neno refu, ila ndilo.

Na hiyo internalProxies, orodha ya proksi za kuaminiwa, niliibana kwa sababu. Ukiiacha ilivyo, inaamini pia anwani za mitandao ya ndani kama 10.x na 192.168.x. Kwa mfumo ambao watumiaji wake wako ndani ya mtandao huohuo, maana yake ni kwamba mtu anaweza kutunga X-Forwarded-For (heda inayotaja anwani ya mgeni) yake mwenyewe, na Tomcat ikairuka anwani yake halisi ikidhani ni proksi nyingine, ikapokea ile ya uongo. Mbali na hapo, niliongeza address="127.0.0.1" kwenye Connector, sehemu ya server.xml inayofungua poti, ili 8080 isifikike kutoka nje. Bawabu hana kazi kama mlango wa nyuma uko wazi.

Wiki ya pili yakaja mambo ya ukubwa na muda. Faili za kupakia zilikataliwa kwa kosa 413 (ombi kubwa mno), na logi ya Tomcat ilikuwa kimya kabisa, kwa kuwa ombi halikuwahi kuifikia. Kiwango cha kawaida cha Nginx ni megabaiti 1. Nikaweka client_max_body_size 20m. Tangu siku hiyo naanza na logi ya Nginx kabla ya ile ya Tomcat.

Ya muda ilikuwa mbaya zaidi. Kuna ripoti ya mwezi inayochukua dakika mbili na ushei. Nginx husubiri sekunde 60 bila kusikia kitu, kisha inampa mtumiaji kosa 504 (muda umekwisha). Tomcat ndani haina habari, inaendelea kukokotoa. Mtumiaji anabonyeza tena. Na tena. Siku moja nilikuta ripoti ileile ikitengenezwa mara nne kwa wakati mmoja na hifadhidata inahema. Niliongeza proxy_read_timeout hadi 300s kwa anwani ya ripoti hiyo tu, si kwa mfumo mzima, na sasa tunaihamishia ripoti ifanyike nyuma ya pazia, mtumiaji apewe taarifa ikiwa tayari. Kuongeza muda ni plasta tu.

Jambo dogo: programu iliyo Tomcat kwa /ripoti, iache iwe /ripoti na mbele pia. Nilijaribu kuibadilisha jina, kidakuzi cha JSESSIONID, kinachomtambulisha aliyeingia, kikabaki na njia ya zamani, watu wakawa wanaingia na kutolewa palepale. Kuna proxy_cookie_path ya kutibu hilo, lakini sikuona haja ya kujitafutia ugonjwa.

Ninachokipenda sasa? Vyeti vya Let's Encrypt vya siku 90 vinajihuisha kwa programu ya certbot, na keytool sijaigusa tena. Nikibadilisha mipangilio naendesha nginx -t inipe makosa kabla hayajamfikia mtu, kisha nginx -s reload, na waliokuwa katikati ya kazi wanaimaliza bila kukatwa. Nikiiwasha upya Tomcat, watu wanaona ukurasa wetu wenyewe wa "subiri kidogo" badala ya kosa 502 kavu. Kisichonifurahisha ni kwamba toleo la bure la Nginx halikagui lenyewe kama Tomcat ni mzima. Linagundua pale ombi la mtu linapogonga ukuta. Kwa Tomcat moja hilo halinisumbui. Ningekuwa na tatu, ningeiangalia HAProxy kwa makini.

Simu nazo zimepungua. Iliyobaki ni ya mfanyakazi mwenzangu mmoja, ambaye kila akifungua alamisho yake ya zamani yenye :8080 ananipigia kuniarifu kwamba mfumo umekufa.