Draiva ya mota: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kijana akiniletea kigari cha roboti kinachoshindwa kupanda hata ukingo wa zulia, siulizi amefunga draiva gani. Ni ile nyekundu yenye chipu nene na bati jeusi la kupoozea joto: L298N. Hata mimi nilianza nayo. Ndiyo inayokuja kwenye kifurushi cha mafunzo, ndiyo inayoonyeshwa kwenye kila video, na ukienda Kariakoo au Luthuli ukasema tu "draiva ya mota", ndiyo utakayopewa.

Kwanza, kwa nini ununue draiva kabisa? Pini ya Arduino Uno, ile bodi ndogo inayoongoza roboti, hutoa miliampea 20 kwa raha, na 40 ndio ukomo wake. Kamota kale ka njano ka plastiki, gurudumu likikwama, hunyonya karibu ampea nzima na wakati mwingine kupita. Ninayo bodi mezani yenye pini iliyokufa kwa jaribio la namna hiyo. Draiva hukaa katikati: bodi inatoa amri, betri inatoa nguvu, na transista nne zilizopangwa kwa umbo la herufi H hugeuza njia ya mkondo ili mota iende mbele au irudi nyuma.

Kabla ya kulipa, pima mota yako. Weka multimita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, zungusha shafti taratibu kwa vidole, shika namba ndogo kabisa utakayoiona. Gawanya volti za betri kwa namba hiyo. Omu 5 kwa betri ya volti 6 ni ampea 1.2, na huo ndio mkondo mota itakaoudai ikikwama. Draiva iumudu mkondo huo kwa muda wote. Muuzaji atakutajia "kilele", yaani mkondo wa juu kabisa, lakini kilele ni cha kufumba na kufumbua. Mota iliyokwama haitakusubiri.

Ya kwanza: TB6612FNG

Kwa roboti ndogo ya betri, hii ya Toshiba ndiyo ninayoiweka juu. Inaendesha mota mbili, ampea 1.2 kila upande mfululizo, kilele 3.2, na betri ya hadi volti 13.5. Siri yake ni mosfeti, transista za kisasa zisizopoteza volti nyingi. L298N ni ya transista za zamani ambazo kwenye ampea 1 hula kati ya volti 1.8 na 3.2 kabla mota haijaonja kitu. TB6612FNG kwenye ampea hiyo hiyo hula takriban nusu volti. Chukua betri nne za AA, yaani volti 6: kwa L298N mota inabakiwa na kama volti 4, kwa TB6612FNG inapata 5.5. Ukingo wa zulia unapandwa.

Ina kero zake. Mara nyingi pini huja pembeni, hazijalehemiwa, kwa hiyo uwe na mkono wa solda au rafiki mwenye nao. Na pini ya STBY, ya kuiamsha draiva, isipopewa volti, mota hazitikisiki hata ubadilishe programu mara ishirini. Moduli nyingi ninazoletewa kama mbovu huwa zimekosa waya huo mmoja tu.

Ya pili: DRV8833

Hii ni ya Texas Instruments, nayo ni ya mosfeti, ampea 1.5 kila upande, na inaanza kazi kwenye volti 2.7. Kwa kigari cha betri moja ya lithiamu ni nzuri kuliko hata ile ya kwanza. Mkondo ukizidi hujizima yenyewe badala ya kuungua. Nimeishusha kwa sababu moja: ukomo wake ni volti 10.8. Betri tatu za lithiamu zilizojaa ni 12.6, na hapo unaichoma bila huruma. Nayo ina pini ya usingizi, huandikwa SLP au EEP, isipoamshwa hakuna kitu.

Ya tatu: BTS7960

Mota ya waipa ya gari, pampu, geti la umeme: hapo draiva ndogo hazina lao. Hii hubeba mota moja tu, kwa betri ya volti 12 au 24. Muuzaji atakwambia ni ya ampea 43. Ni kweli namba hiyo ipo, ila ndiyo kiwango ambacho chipu yenyewe huanza kuubana mkondo ili isife. Usiisome kama mzigo wa kutembea nao kutwa. Tazama unene wa njia ya shaba kwenye bodi yake na ukubwa wa skrubu za waya, utaelewa. Kwa bati linalokuja nayo, mimi sivuki ampea 10 kwa kazi ya muda mrefu. Weka fyuzi kwenye waya wa betri, na uangalie chanya na hasi mara mbili kabla ya kuwasha.

Ya nne: L298N yenyewe

Sisemi uitupe. Ina skrubu za kubania waya, haihitaji solda, inavumilia mikono ya mwanafunzi, na kwa mota ya volti 12 isiyozidi ampea moja inafanya kazi yake. Ile volti mbili inayopotea haiumi sana ukianza na 12. Kama betri inazidi volti 12, ng'oa kwanza jampa, kile kifuniko kidogo cha pini, ya regiuleta inayotengeneza volti 5, kisha uilishe volti 5 kutoka kwingine. Iko pembeni ya skrubu, ndogo, na hakuna anayeikumbuka mpaka moshi utoke.

L293D iache, labda kama umeikuta bure kwenye droo. Miliampea 600 ni kidogo mno kwa mota ya leo, nayo pia hula volti.

Stepa mota, inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, ni habari nyingine. Ile ndogo ya 28BYJ-48 huuzwa pamoja na draiva yake ya ULN2003, imekwisha. Kwa stepa za printa ya 3D, A4988 inatosha kwa kuanzia na TMC2209 ni kwa anayetaka kimya usiku. Usichomoe waya wa stepa umeme ukiwa unapita, draiva inaweza kufa papo hapo.

Na yoyote utakayochukua, unganisha hasi ya betri na GND, yaani pini ya hasi, ya Arduino. Bila hiyo mota itatetemeka, au isifanye lolote, nawe utarudi dukani kugombana na muuzaji asiye na kosa.