Etymonline kwa anayefuatilia neno "decorum": anza nayo, usiishie nayo

Etymonline ni kamusi ya mtandaoni ya asili za maneno ya Kiingereza, kazi ya Mmarekani Douglas Harper. Ni ya bure. Hapa imepimwa kwa neno moja tu, decorum, ambalo Waingereza hulitumia kwa adabu na mwenendo unaolingana na mahali.

Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia. Jibu ni fupi na safi: liliingia Kiingereza miaka ya 1560, kutoka Kilatini decorum, "kinachofaa", yaani kivumishi decorus kilichogeuzwa nomino. Kisha bonyeza mzizi *dek-, kwani uhondo wenyewe uko huko. Nyota ile ina maana kwamba mzizi umekisiwa na wanaisimu, haukukutwa umeandikwa popote. Maana yake ni kupokea, kukubali. Katika ukoo huo yumo docere, "kufundisha", aliyezaa doctor. Kumbe daktari wetu, aliyetufikia kupitia Kiingereza, ni ndugu wa mbali wa adabu ya Warumi!

Kasoro iko kwenye irabu, maana urefu wake hauonyeshwi. Decor, "uzuri", katika hali ya umilikaji huwa decōris; decus, "pambo, fahari", huwa decŏris. Ukiondoa alama, maumbo hayo mawili hayatofautiani. Decōrus lina o ndefu, ndiyo maana mkazo huangukia silabi ya pili.

Kwa hilo fungua Logeion, tovuti ya bure ya Chuo Kikuu cha Chicago, yenye kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short ya 1879. Ingilia kwa decorus. Nomino imejificha ndani ya maelezo yake. Vifupisho vinachosha, lakini "Cic. Off. 1, 27" ni hazina: ni Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, katika De Officiis ("Juu ya Wajibu"), kitabu cha kwanza, anapolinganisha decorum na prepon, "kinachofaa" ya Wagiriki. Hiyo 27 ni sura. Ikiwa toleo lako linahesabu vifungu, tafuta 93.

Usiruke kitenzi decet, ndugu wa decorum, kinachotumika nafsi ya tatu tu. Me decet wengi wangeifasiri "yanipasa", lakini hiyo inanuka amri. Iliyo karibu zaidi ni ile tunayosema kanzu imemkaa.