Tahadhari: "familia ya samaki tausi" ya rangi kali kutoka Dar, mimi nimeshapigwa

Wakuu wa samaki, salamu. Nimekaa na hili tangu mwezi wa pili nikiona aibu kulisema, maana mimi ndiye huwa najifanya mjuaji wa kuelekeza wageni. Wiki hii kijana mmoja wa Morogoro kaniuliza kama namfahamu muuzaji fulani wa Dar, akanirushia video. Nikaona tangi ni lile lile. Basi aibu iishe.

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia. Tangu nimfahamu ameshabadilisha akaunti na namba ya simu. Mshikeni kwa dalili. Video yake ina tangi la kama futi nne, kona ya kushoto imebandikwa selotepu ya kahawia, chini yake kuna beseni la kijani. Anauza "familia": madume wawili na majike wanne wa tausi wa Ziwa Nyasa, Aulonocara kwa jina la kitaalamu. Bluu iliyoiva, kifua cha chungwa, kila mmoja kama sentimita nne. Anasema kawavua Kyela mwenyewe na eti majike wote wameshazaa.

Mtu mwenye akili zake angeshtukia hapo hapo. Jike wa tausi hana rangi. Ni wa kijivu kuelekea kahawia, ana mistari hafifu iliyosimama ubavuni, ukimweka dukani hakuna anayemgeukia. Dume naye akiwa wa sentimita nne bado anafanana na mama yake, rangi huanza kumshika akifika saba au nane hivi. Sasa samaki sita wa sentimita nne, wote bluu, halafu wanne ni majike na wameshazaa? Haya yote nilikuwa nayajua. Macho yalipenda, akili ikakaa pembeni.

Bei ilikuwa 240,000, zote mbele, "na ya kutolea kaka". Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akasema laini ni ya wife. Nikatuma.

Walipandishwa basi Mbezi asubuhi, nikawapokea hapa Dodoma, stendi ya Nane Nane, saa kumi kasoro. Wote sita mfuko mmoja, maji yamejaa karibu na fundo. Anayejua kazi huweka maji theluthi moja tu na nafasi iliyobaki anajaza oksijeni, na samaki huwa hawalishwi siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji yao. Hawa walikuwa wameshiba. Kinyesi kinaelea, povu juu, na nilipofungua harufu ikanipanda puani kama mkojo uliolala. Wawili walikuwa wameshageuza matumbo juu. Nikampigia. "Safari hiyo kaka, Mungu atakupa wengine." Kwa mfuko peke yake ningemsamehe, wapo wauzaji waaminifu tu ambao hawajui kufungasha.

Wanne wakatulia. Maji yetu ya visima vya Mzakwe hapa Dodoma ni magumu, yaani yana madini mengi, na samaki wa Nyasa wanayapenda hivyo hivyo, kwa hiyo upande wa maji sikuwa na wasiwasi. Wiki ya tano rangi ikaanza kushuka. Kufika ya nane, watatu wamekuwa wa kijivu kabisa na mistari yao ubavuni, mmoja tu kabaki na bluu, nayo imepauka. Nikamrudia muuzaji. Akasema ni uchovu wa safari (miezi miwili!), dawa yake ni "chakula cha rangi" anachotengeneza yeye. Kopo la plastiki lisilo na lebo yoyote, punje nyekundu kama pilipili ya kusaga, 30,000 nyingine. Ndiyo, nikanunua. Cheka tu.

Ndani ya wiki tatu wale watatu wa kijivu wakawa bluu.

Badala ya kufurahi nikaogopa. Vyakula vya rangi vya halali vipo, vina astaksanthini, ile ile inayowapa kamba wekundu wao. Hivyo huongeza nyekundu na chungwa. Bluu ya samaki si rangi anayoila, inatokana na ngozi yenyewe inavyorudisha mwanga. Jike wa kijivu akiwa bluu kwa sababu ya chakula, hicho chakula kina homoni ya kiume. Wafugaji wa sato wanaijua, methyltestosterone, huchanganywa kwenye chakula cha vifaranga kwa wiki tatu au nne ili wote wawe madume. Kule inapimwa kwa miligramu na ina sababu yake. Huku mtu anakoroga kwenye beseni ili jike aonekane dume na wewe ulipe bei ya dume.

Kopo nimeliacha, rangi imeshuka tena, na mazao hakuna. Jike wa tausi hutunza mayai mdomoni kama wiki tatu, unaona kidevu kimejaa na chakula hagusi. Mmoja ameshika mayai mara nne. Kila mara siku ya tatu au ya nne naamka nakuta kidevu kimesinyaa. Jike mchanga humeza mayai ya mwanzo, sawa. Lakini mara nne? Aliyelishwa vitu hivi anaweza asizae tena maisha yake yote, na hiyo ndiyo "familia" niliyouziwa.

Kilichoninyima usingizi zaidi ya pesa ni hiki: aliyekuwa akiwalisha ni binti yangu wa miaka sita, kwa vidole. Homoni hiyo hupenya kwenye ngozi. Mwenye kopo la namna hiyo nyumbani aliweke mbali na watoto leo, asingoje kesho.

Kwenye tangazo jipya kaongeza "tausi wekundu wa Kyela". Wale wekundu hawavuliwi ziwani, ni uzao wa wafugaji wa matangi, waliochagua mbegu kizazi baada ya kizazi. Anayekwambia kawatoa Kyela mwache na mtumbwi wake.

Ukitaka kufuga tausi wakazaa, tafuta wadogo wa kijivu nane au kumi kutoka kwa mtu anayeweza kukuonyesha wazazi wao, ukae nao mpaka madume wajitokeze wenyewe. Mwambie muuzaji aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aibandike kwenye kioo cha tangi na kurekodi, ujue samaki anao kweli. Wangu nilimwomba hivyo baadaye, nikaona tiki za bluu, kisha picha yake ikapotea.

Kopo bado ninalo, limebaki kama robo, nimelifunga mifuko miwili na kuliweka juu ya kabati. Kama kuna mdau ana mtu wa maabara pale SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) anayeweza kulipima, aje inbox, gharama nabeba mimi.