TAHADHARI: Anayeuza nguo za "nyuzi za fedha" za kuvalia kwenye mkeka wa sumakuumeme ni tapeli

Naanza na aibu ili iishe mapema. Yule jamaa wa kwenye tangazo la nguo hizo, aliyevaa suti ya kijivu ya kubana, dole gumba juu, meno yote thelathini na mawili nje, chini yake pameandikwa "Maumivu kwaheri", ni mimi. Maneno si yangu. Picha ni yangu, nilipiga mwenyewe na kuituma mwenyewe, kwa sababu muuzaji aliniahidi kunipunguzia bei nikimpa picha ya mteja mwenye furaha. Furaha ya nini sasa? Nilikuwa nimeivaa dakika nne tu. Mkeka wenyewe ulikuwa bado umekunjwa chini ya kitanda.

Watu wawili wameshaniandikia kwamba walinunua kwa kuona sura yangu. Ndiyo maana naandika. La sivyo ningenyamaza nife na siri yangu.

Mkeka wenyewe ni wa umeme, unatoa mapigo ya usumaku, nilianza kuutumia baada ya goti kunisumbua. Nikitoka kwenye mbio ndefu najilaza juu yake dakika ishirini. Kama ni mawimbi yanayonisaidia au ni kule kulala tu, sibishani na mtu. Kosa langu nilishauliza hadharani: jamani, nivae nguo ya kitambaa gani nikiwa juu ya huu mkeka? Majibu yalikuwa matatu, mawili ya utani. Haikupita saa moja, huyu tapeli akanifuata pembeni.

"Kaka, pole na mazoezi." Ndivyo alivyoanza. Hakutaja bei wala bidhaa. Akaniuliza nakimbia umbali gani, maumivu yanakuja siku ile ile au kesho yake. Nikasema kesho yake, na keshokutwa ndiyo mabaya zaidi. Akanijibu kwamba ni kawaida, maumivu ya aina hiyo hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi. Hilo ni kweli, nilishalisoma. Nikajiambia huyu anajua. Naomba mzingatie hapo, maana wengi mtanicheka: tapeli huyu hakuanza na uongo, alinilisha kweli tatu nne kwanza.

Kweli nyingine ilikuwa ya mwaka 1979, kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha tiba ya mawimbi ya sumakuumeme. Nikaenda kutafuta, nikakuta ni kweli iliidhinisha mashine za kusaidia mifupa iliyovunjika ikagoma kuunga. Mifupa! Mashine! Fulana haimo humo hata kwa kudokezwa. Lakini mimi nilishaona mwaka umelingana, nikaridhika.

Kisha akanipigia simu ya video. Kile kipande nakiona hata nikifumba macho. Mezani ana kitambaa cha kijivu kinachong'aa, simu ndogo, na sumaku ya duara. Akaiviringisha simu ndani ya kitambaa, taratibu kama anamfunika mtoto, akaipigia kwa simu nyingine: haipatikani. "Umeona, bosi? Kitambaa kimeyadaka mawimbi yote. Sasa badala ya simu weka misuli yako. Pamba haiwezi hii, pamba inayaacha yapotee." Halafu akachukua sumaku akaigusisha kwenye pindo la fulana. Tap! Ikanata. Akaitikisa fulana, sumaku haidondoki. "Hiyo ndiyo fedha halisi, bosi wangu. Nyuzi za fedha."

Mimi mtu mzima, nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne, nikasema "aisee". Nikatuma hela yote, ile niliyoitenga kwa viatu, na mnajua hali ya viatu vyangu.

Suti ikafika. Usiku wa kwanza nikawasha mkeka, nikalala chali. Baada ya muda nasikia tik, tik, tik, kiunoni. Shemeji yenu akauliza gizani, "Ni wewe unayelia?" Nikamwambia ni mashine. Nikiongeza nguvu, mlio unaongezeka, na pindo linatetemeka kwenye ngozi kama nyuki aliyenaswa, mwishowe likaanza kuwa la uvuguvugu. Nikamwandikia muuzaji. Jibu lake nimelihifadhi: "Huo mlio ni misuli inafunguka bosi." Asubuhi nikauliza tena, picha yake imetoweka, ujumbe haufiki. Ameshanifungia.

Nikachukua mkasi. Ndani ya pindo kuna utepe wa chuma, mwembamba kama wa futi ya fundi, umeshonewa kuzunguka kiuno. Ndicho kilichonata sumaku. Fedha, kwa taarifa yenu, hainati kwenye sumaku kabisa, binamu yangu fundi umeme alicheka mpaka akakaa chini. Nikachomoa uzi nikauchoma: ukayeyuka ukawa kishanga cheusi kigumu. Poliesta tupu. Nikaviringisha simu yangu ndani ya suti nikaipigia, ikalia hadi mtoto akaamka. Kwa hiyo kile cha kwenye video ama kilikuwa kitambaa kingine, ama simu ilishazimwa. Suti iliahidiwa ina fedha, na fedha ilikuwepo kweli, ila ilikuwa yangu, na anayo yeye.

Binamu akaniuliza swali ambalo ningejiuliza mwenyewe: kama kitambaa kinazuia mawimbi yasifike kwenye simu, kwa nini ukivae kati ya mkeka na mgongo? Sikuwa na jibu. Na kumbe hata fedha ya kweli haingefanya kitu, kwa sababu mapigo ya mikeka hii ni ya masafa ya chini, yaani hupiga polepole kuliko mawimbi ya simu, na usumaku wake unapita kwenye nguo kama unavyopita hewani. Pamba, kitani, sufu, poliesta, zote sawa. Cha kuchagua ni kama nguo ni kavu na imelegea. Pamba iliyolowa jasho itakupa baridi, badilisha kwanza, basi. Kinachotakiwa kuwa mbali ni chuma: zipu, mkanda, sidiria yenye waya, funguo, saa, pamoja na simu na kadi ya benki. Yeye kanishonea chuma kiunoni na kuniuzia kama dawa!

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kingine. Nilimuuliza kuhusu mzee mmoja ninayemfahamu, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, kama naye anaweza kulala kwenye mkeka. Akajibu bila kusita, "Akivaa suti yetu inamkinga." Mikeka hii kwenye maelezo yake inakataza kabisa watu wenye kifaa hicho! Huyu si wa kurudisha hela tu, huyu ni wa kufungwa. Akamatwe, asomewe mashtaka akiwa amevaa hiyo suti yake juu ya mkeka uliowashwa nguvu ya mwisho, tik tik tik mbele ya hakimu. Akaunti zifutwe, laini zifungwe, na aliyemshonea naye achukuliwe.

Mtaniuliza dalili. Zilikuwepo. Alikataa kunitumia kipande kidogo cha kitambaa nikijaribu mwenyewe. Nguo haina lebo inayotaja imefumwa kwa nini. Anabadilisha jina la ukurasa, mimi nimeuona na majina mawili. Anaomba picha kabla hujatumia. Na kila jibu lina "bosi" mbili. Nyingine nimesahau, nina hasira.

Mwenye risiti au picha za mazungumzo aniandikie, nakusanya tupeleke polisi kwa pamoja. Na yeyote anayemfahamu mzee wa aina hiyo aliyeuziwa, ampigie leo. Mimi wa kwangu nimeshampigia, hakuwa ameinunua hiyo suti, kaniuliza kwa nini nimevaa vile kwenye tangazo.