SIMH: PDP-10 ndani ya laptopu chakavu

Ukiwa na vijana unaowafundisha prosesa inavyofanya kazi, wapakulie SIMH, programu inayoigiza kompyuta za kale ndani ya kompyuta ya leo. Ni ya bure, ni nyepesi, na inakubali hata hizi laptopu kuukuu ninazotengeneza hapa Kamalondo, Lubumbashi. Bob Supnik aliianza mwaka 1993, na ndani yake zimo mashine nyingi za kale. Mimi nimeipendea PDP-10, kompyuta kubwa ya zamani ya kampuni ya Digital, na hasa amri yake moja: XCT.

XCT 200 maana yake: chukua amri iliyoko anwani 200 (namba ya nafasi kwenye memori), uitekeleze kana kwamba imeandikwa hapa hapa. Kwenye anwani 100 niliweka XCT 200, kule 200 nikaweka ADDI 1,5, yaani ongeza 5 kwenye rejista 1, kisanduku kidogo cha namba ndani ya prosesa. Nikaandika step, yaani tekeleza amri moja. Rejista ikapanda kwa 5, na kaunta ya programu, inayoshika anwani ya amri inayofuata, ikasoma 101. Kijana wangu akasogelea skrini: "Papa, mbona haikuenda 201?" Kwa sababu haikuruka, iliazima amri tu. Tukaweka SKIPA pale 200, amri inayopita ile inayofuata: kaunta ikatua 102, si 202. Tukaweka JRST 300, yaani ruka hadi 300, safari hii ikahama kweli. Utamu zaidi, rejista 16 za PDP-10 ni anwani za memori pia, kwa hiyo XCT 5 inatekeleza amri iliyokaa ndani ya rejista!

IBM waliiweka amri ya namna hii kwenye kompyuta zao za System/360 mwaka 1964, wakaiita EX. Yao ina ujanja wake: inachanganya baiti ya mwisho ya rejista na baiti ya pili ya amri inayolengwa, hivyo MVC, amri ya kunakili baiti, inanakili urefu uliojulikana dakika ile ile, na amri yenyewe kwenye memori haiguswi. Ila EX kulenga EX nyingine ni kosa. PDP-10 inaruhusu mnyororo, XCT kulenga XCT nyingine. SIMH imeuwekea kikomo, nacho unaweza kukibadilisha.

Kasoro zipo. Hakuna cha kubofya, kila kitu unaandika. Anwani ni za okta (tarakimu 0 hadi 7 tu), kwa hiyo usitafute tarakimu 8 wala 9. Mwongozo ni wa Kiingereza, wakati vijana wetu wamesomea Kifaransa. Nimelazimika kuwaandikia karatasi yangu ya amri kumi hivi. Amri ya kwanza humo ni save, inayohifadhi hali nzima ya mashine kwenye faili. Umeme ukirudi, unaandika restore na kuendelea ulipoachia.